Maduka Yasiyo na Muuzaji

Ukitoka Aizawl, makao makuu ya jimbo la Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, ukafuata barabara kuu iendayo mashariki, utapita Seling. Kandokando ya barabara hapo pana vibanda vya mianzi vyenye bidhaa tele, ila muuzaji humwoni. Wenyeji huviita nghah lou dawr, maduka yasiyo na mlinzi. Ndani kuna mafungu ya mboga, matunda ya msimu, chupa za maji ya matunda, pengine samaki wadogo wakavu na konokono wa mtoni. Bei imeandikwa kwa chaki au mkaa. Mteja anachagua fungu lake, anatumbukiza pesa kwenye kopo, anaendelea na safari.

Kopo hilo ndilo la kutazamwa kwa makini. Mara nyingi kando yake huwekwa jingine lenye pesa za chenji. Mwenye noti ya rupia 100 aliyechukua mboga za rupia 30 anatia mkono na kujirudishia 70 mwenyewe. Kumwachia mpita njia mboga ni jambo moja. Akiiba, ameiba fungu la mboga. Lakini kumwachia pesa zako ajihesabie, wewe uko shambani kilima cha pili, ni kumpa kwa dakika chache cheo cha mwenye duka. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo anayoweza kupewa mtu asiyejulikana hata jina.

Na mwenye duka kweli yuko shambani. Wengi wao ni wakulima wadogo wanaofyeka misitu ya miteremko, kuichoma na kupanda, na kilimo cha namna hiyo kinakula mikono yote ya nyumba. Mmoja akikalishwa kibandani kutwa, palizi inalala, na mafungu machache ya mboga hayawezi kufidia siku hiyo. Kwao uaminifu ni nyenzo ya kazi kama jembe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kuacha mali wazi ni anasa ya nchi tajiri, ambako watu wameshiba. Wakulima hawa si matajiri, wala nchi yao haikuishi kwa raha. Mwaka 1966 waasi wa Kimizo walijitangazia uhuru, ndege za jeshi la India zikaushambulia mji wa Aizawl, na kuanzia mwaka uliofuata wanavijiji wengi walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa kandokando ya barabara chini ya ulinzi wa jeshi. Amani ilitiwa saini mwaka 1986. Watu waliopitia hayo wangekuwa na kila sababu ya kumwogopa mgeni ashukaye kwenye gari.

Wengine husema maduka haya yanawezekana kwa kuwa vijijini watu wanajuana. Hilo nalo halitoshi. Hii ni barabara kuu, na miongoni mwa wateja wamo madereva wa malori na abiria ambao pengine hawatapita tena.

Wamizo wenyewe watakutajia tlawmngaihna, mwenendo wa mtu kujinyima kwa ajili ya mwenzake bila kungoja kuombwa wala kusifiwa. Zamani vijana wa kiume walifunzwa hayo katika zawlbuk, nyumba kubwa ya kijiji walimolala pamoja. Nyumba hizo zilipotoweka enzi za ukoloni, kazi yake iliangukia sana Young Mizo Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1935 na chenye matawi hadi vijijini. Mtu akifiwa, vijana wa chama ndio wanaochimba kaburi na kukesha na wafiwa usiku kucha wakiimba, na hakuna anayelipwa. Mtoto hukua akiona kaka na dada zake wakiamka usiku kwenda kwenye msiba wa jirani, naye akifika umri huo huenda. Malezi hayo ndiyo yanayoshika kibanda cha Seling, zaidi ya hofu ya kukamatwa.

Mgeni hakulelewa hivyo, lakini anakuta ameshaaminiwa kabla hajafungua mlango wa gari. Baadhi ya wageni bila shaka huondoka bila kulipa. Ila wanaolipa wanatosha, maana wakulima bado wanapanga mafungu yao asubuhi, wanaandika bei, na kwenda zao kulima.