Sikukuu isile mbolea ya mahindi

DESEMBA ni mwezi wenye mambo mengi kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini. Mvua zimeanza, mahindi yanaota, watoto wamefunga shule na ndugu walioko mjini wanarudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya. Ni mwezi wa furaha, lakini pia ni mwezi ambao fedha za familia hutoka kwa kasi kubwa.

Tatizo si sikukuu yenyewe. Kula pamoja na ndugu, kuwavisha watoto nguo mpya na kupeana zawadi ni mambo ya heshima. Tatizo ni kwamba katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma, sikukuu hizi huangukia katikati ya msimu wa kilimo. Aliyepanda mahindi mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba anatakiwa kuweka mbolea ya kukuzia kati ya wiki ya nne na ya sita, mahindi yanapofika usawa wa goti. Hiyo ni Januari, siku chache tu baada ya sherehe kwisha na mfuko kubaki mtupu.

Januari hiyo hiyo shule hufunguliwa. Elimu bila ada katika shule za umma ilifika hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hata hivyo, sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi.

Hesabu ya mfuko mmoja

Mfuko wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Katika shamba lililopaliliwa vizuri na lenye mvua ya kutosha, kilo moja ya naitrojeni inaweza kuongeza mavuno ya mahindi kwa kilo 10 au zaidi. Kwa hesabu hiyo ya chini, mfuko mmoja huleta nyongeza ya kilo 230. Hayo ni magunia mawili ya kilo 100, na ziada.

Kwa hiyo, mkulima anayetumia fedha za mfuko mmoja wa urea kununua kreti za soda na bia hakupoteza bei ya mfuko tu. Amekunywa magunia mawili ya mahindi ambayo angeyavuna katikati ya mwaka. Hasara hiyo haifidiki kwa kununua mbolea Februari, kwa sababu mahindi yakishatoa mbelewele, mbolea ya kukuzia husaidia kidogo sana.

Mkopo wa Desemba

Wengine hukimbilia kukopa ili wasiaibike mbele ya wageni. Mikopo mingi ya mitaani hulipwa kwa mazao, na hapo ndipo mkulima huumia. Tuchukue mfano wa mkulima anayekopa Sh 60,000 Desemba kwa ahadi ya kutoa magunia mawili ya mahindi Julai. Hata kama bei ya wakati wa mavuno ni Sh 50,000 tu kwa gunia, atakuwa amelipa Sh 100,000. Riba ni Sh 40,000, sawa na theluthi mbili ya fedha aliyokopa, tena kwa miezi saba tu.

Mkoani Kagera, wakulima wa kahawa wanaijua biashara ya aina hii kwa jina la butura, ambapo kahawa huuzwa kwa bei ya chini ikiwa bado mtini. Zao ni tofauti, lakini maumivu ni yale yale.

Mbolea kwanza

Njia ya uhakika ni kununua mbolea ya kukuzia kabla ya kununua kitu chochote cha sikukuu, na kuihifadhi ndani mahali pakavu, juu ya mbao. Fedha iliyoko mfukoni hupata matumizi kila siku, lakini mfuko wa urea uliokwisha kuingia ndani hausumbuliwi na mgeni.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa, vikiwamo VICOBA, hupanga mgao wa mwaka uangukie Desemba. Wanachama wanaweza kukubaliana kwamba sehemu ya mgao itolewe kwa mbolea iliyonunuliwa kwa pamoja, na inayobaki ndiyo itolewe taslimu.

Nyama nayo inaweza kupatikana bila kuumizana. Familia 10 zikichangia Sh 20,000 kila mwezi kuanzia Julai, mazao yanapouzwa, hadi Novemba zitakuwa na Sh 1,000,000. Hununua mnyama mapema, humchinja kwa pamoja na kugawana, badala ya kila mmoja kupanga foleni buchani mkesha wa Krismasi.

Kuhusu zawadi, sare mpya ya shule inaweza kuwa ndiyo nguo ya sikukuu ya mtoto. Kuku mtetea, mche wa parachichi au debe la maharage ni zawadi inayoendelea kuzaa au kulisha baada ya Januari. Ndugu wa mjini nao waambiwe mapema: anayepanga kuja na kreti mbili za bia anaweza kuombwa alete kreti moja na mchango wa mfuko wa mbolea. Wengi hawakatai; hawajaambiwa tu.

Wenye maduka na genge

Kwa mfanyabiashara mdogo, Desemba huleta mauzo mazuri, na mtego wake ni kudhani kwamba mauzo ni faida. Mwenye duka aliyeuza bidhaa za Sh 300,000 alizozinunua kwa Sh 250,000 amepata faida ya Sh 50,000, kabla ya kutoa kodi ya pango na usafiri. Akichukua Sh 100,000 kwa ajili ya sikukuu, amekula Sh 50,000 za mtaji. Januari wateja hawana fedha, na rafu zake zitakuwa tupu.

Ni vizuri kuandika mauzo kila jioni na kuweka mtaji kando, kwenye akaunti au kwenye simu, kabla ya kugusa faida. Aliyechukua bidhaa kwa mali kauli alipe kwanza. Kukopesha wateja kusimamishwe katikati ya Desemba, kwani deni la sikukuu ni gumu kulidai. Mapambo na kadi zinunuliwe kidogo, maana zikibaki hadi tarehe 26 zitalala dukani mwaka mzima.

Sikukuu ya Idi haina msimu mmoja, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Kanuni haibadiliki: kabla ya kupanga sherehe, angalia shamba linahitaji nini wiki zinazofuata.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wageni wataondoka mwanzoni mwa Januari wakiwa wameshiba pilau. Mahindi nayo, wiki hiyo hiyo, yatakuwa yamefika usawa wa goti.