ULIZA CHUMA, USIULIZE MDOMO



Mwenzetu mmoja wa hapa Kinyinya, mwendesha mashine kiwandani, aliweka akiba katika ikimina kwa miaka sita. Nia yake ilikuwa kununua gari la kukodisha maharusi siku za Jumamosi, apate kuongeza kidogo juu ya mshahara. Akaonyeshwa gari la spoti, Toyota Celica nyekundu ya milango miwili, nyuma imebandikwa maandishi GT-Four.

Mwenye kuuza alisema sana. Gari limetoka Ulaya, usukani wa kushoto limezaliwa nao. Injini ni ya tabo, magurudumu yote manne yanasukuma. Ni ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally. Kwa maneno hayo bei ikapanda, na mwenzetu akatoa arabuni ya faranga 400,000 siku ile ile, bila risiti. Ndipo akaja kwetu kuomba wenzake wamdhamini mkopo wa kiasi kilichobaki.

Uongo mzuri huchanganywa na ukweli. Ni kweli kwamba Celica GT-Four za umbo lile zilishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, tangu 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 dereva alikuwa Ian Duncan wa Kenya. Lakini je, hili lilikuwa moja lao? Tulimchukua fundi, tukaenda kuliuliza gari lenyewe.

CHUMA KIKASEMA

Kila gari lina namba ya chasisi, iliyogongwa katika chuma kiwandani. Katika Celica ile imo ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Fundi alifuta vumbi na grisi, tukasoma: ST182, kistari, kisha tarakimu saba.

Herufi S ni ukoo wa injini. T ni ukoo wa gari, ambao Celica inashiriki pamoja na Carina na Corona. Tarakimu zinazofuata zinaeleza toleo lenyewe. GT-Four ya umbo lile ni ST185. ST182 haina tabo, nayo husukumwa na magurudumu ya mbele tu. Fundi akalala chini ya gari kuhakikisha. Hakuna propela, wala difu ya nyuma. Yale maandishi yalikuwa yamebandikwa na mtu.

Jambo la pili. Gari la Toyota lililotengenezwa kuuzwa Ulaya miaka ile lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Namba fupi yenye kistari ni ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe, na Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara. Basi usukani huu ulikuwa kulia, ukahamishwa gereji. Usukani uliohamishwa na mtu asiyejua kazi unaweza kukuachia mkononi penye mteremko, na mteremko hapa Kigali hautafutwi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu, iwe gari, lori la ushirika au pikipiki, fuata haya:

1. Namba iliyo katika chuma, iliyo katika kibati cha kiwanda na iliyo katika kadi ya njano lazima ziwe moja. Ikitofautiana hata tarakimu moja, weka fedha yako mfukoni.

2. Pitisha kidole juu ya namba. Ukikuta alama za kulehemu, za tupa au rangi mpya mahali pale tu, ondoka.

3. Katika namba ya 17 hakuna herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiziona, kuna mkono wa mtu. Herufi ya kwanza ikiwa J, gari ni la Japani. Ikiwa W, ni la Ujerumani.

4. Gari lililotoka Japani huja na cheti cha kusafirishwa nje, chenye namba ya chasisi na mwezi na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Dai ukione.

5. Waombe polisi waiangalie namba. Interpol ina orodha ya magari yaliyoibwa katika nchi nyingi.

6. Usitoe arabuni kabla ya hayo yote, na ukitoa, andikishianeni mbele ya mashahidi.

Mwenzetu hakununua. Arabuni yake hakurudishiwa mpaka leo, maana hana karatasi ya kudaia. Lakini kilichobaki cha miaka sita kimesalimika, na wadhamini wake hawakuingia katika deni la gari la uongo. Tangu siku ile kamati yetu haidhamini mkopo wa gari mpaka fundi asome namba na kuiandika.

Namba ile iligongwa na mfanyakazi kama sisi, kiwandani Japani, akiwa zamu. Rangi hupakwa upya, maandishi hubandikwa, mdomo husema unavyotaka. Kazi ya mfanyakazi yule imebaki ikisema kweli zaidi ya miaka thelathini. Tuisome kabla ya kutoa jasho letu.

Umoja ni nguvu.