Historia ya Vivutio vya Singida (2): Dhahabu ya Sekenke

Wiki iliyopita tulivuka Mgunda Mkali, pori lililokuwa tishio kwa misafara ya Bagamoyo na Tabora kwa sababu ya uhaba wa maji. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley akafuata mwaka 1871, wote wakitegemea mabega ya wapagazi. Leo tunakwenda wilayani Iramba, kwenye mlima ambao kila dereva wa lori la Mwanza au Kigali anaujua: Sekenke.

Abiria wengi wanaujua mlima huu kwa kona na ajali zake. Barabara ya Singida kwenda Nzega inashuka hapa kutoka nyanda za juu za Iramba hadi mbuga ya Wembere, na aliyemo ndani ya basi huwaza breki kuliko historia. Hata hivyo, eneo hili ni miongoni mwa machimbuko ya uchimbaji wa dhahabu wa kibiashara nchini mwetu. Wajerumani walianza kuchimba Sekenke mwaka 1909. Wakati huo wenyeji walikuwa wameshabanwa na kodi iliyowalazimu kutafuta fedha taslimu, na kibarua kilikuwa njia mojawapo ya kuipata.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani. Sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani, lakini askari walidai mishahara na chakula cha jeshi kilipaswa kununuliwa. Serikali ya kikoloni ilichapa noti za dharura. Watu hawakuziamini, wakazidi kuficha rupia zao za fedha.

Ndipo dhahabu ya Sekenke ilipopata kazi mpya. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, mafundi walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, upande wa pili una tai wa dola ya Ujerumani. Chini ya tembo kuna herufi T, alama ya Tabora. Zilitengenezwa sarafu 16,000 na ushei, pamoja na sarafu ndogo za heller zilizotokana na shaba chakavu. Kazi hiyo haikudumu, kwa kuwa Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka Tabora. Leo sarafu ya tembo inauzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya na Marekani, na wengi wanaoigombania hawajui Iramba iko wapi.

Wenzetu wa Thailand wameonyesha namna ya kutunza historia ya aina hii. Huko Kanchanaburi, kati ya mwaka 1942 na 1943, Wajapani waliwatumikisha mateka wa vita na vibarua wa Asia kujenga reli ya kwenda Burma. Makumi ya maelfu walikufa. Daraja, makaburi na makumbusho ya mji huo sasa hupokea wageni kutoka kila bara, na wenyeji wanapata riziki kwa kuisimulia historia hiyo, machungu yake yakiwemo.

Sekenke nayo inastahili kusimuliwa. Halmashauri ya Iramba, wataalamu wa mambo ya kale na walimu wa historia waanze na yale yanayowezekana sasa: kurekodi masimulizi ya wazee ambao baba na babu zao walifanya kazi migodini, kuweka bango la maelezo mahali salama pa kusimamisha magari, na kutengeneza nakala ya sarafu ya tembo ili wanafunzi wa Kiomboi na Shelui waione. Mgeni hawezi kuja kutembelea historia ambayo wenyewe hatujaisimulia.

Wiki ijayo: Kilimatinde, boma la Wajerumani kwenye ukingo wa Bonde la Ufa.