Mashine Ndani ya Mashine: Programu za Windows Katika Kompyuta ya Mac (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulibainisha ya kwamba programu haishughuliki na vyuma vya kompyuta ana kwa ana, bali hupeleka haja zake kwa mfumo endeshi, nao ndio uipatiao kumbukumbu, uifunguliao faili na uichoreao madirisha kwenye kioo. Na ya kwamba kwa sababu hiyo programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, ijapokuwa ni timamu na haina kasoro hata moja, haifunguki ndani ya macOS, maana maombi yake yote humwendea msimamizi asiyekuwapo. Sasa yatupasa kuieleza njia ya mashine pepe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kuliko njia zote kwa mtu mwenye kazi ya kila siku, mradi aielewe sawasawa kabla ya kutoa fedha zake.

Haja yenyewe si ya anasa. Programu ya uhasibu iitwayo Tally, iliyotungwa Bengaluru huko India na kuenea katika maduka na ofisi za mahesabu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, hutengenezwa kwa Windows. ArcGIS Pro, chombo kikuu cha wachora ramani, ni ya Windows peke yake. CSPro, iliyotolewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani na kutumiwa na idara nyingi za takwimu barani Afrika, huruhusu majibu yakusanywe kwa simu za Android, walakini hojaji yenyewe sharti itungwe katika Windows. Hata mtunga kamusi anayeandaa kazi yake kwa FieldWorks ya shirika la SIL atakuta ya kwamba Windows na Linux zimefikiriwa, ilhali Mac imeachwa. Mtu wa namna hiyo akijaliwa kupata kompyuta ya Mac, ama kwa kuinunua ama kwa kupewa na mwajiri wake, hujikuta kati ya mambo mawili: kununua kompyuta ya pili kwa ajili ya programu moja, au kuiunda kompyuta hiyo ya pili ndani ya ile aliyo nayo.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na vyuma vyake yenyewe. Programu maalumu huwekwa katika Mac, nayo huutengea mfumo mgeni sehemu ya kumbukumbu, zamu za kutumia prosesa, kadi ya mtandao ya kubuniwa, na diski ambayo kwa hakika si diski bali ni faili moja kubwa iliyolazwa ndani ya diski ya mwenyeji. Windows ikiwekwa humo huamka, hujikagua, huona ina kila kitu ambacho kompyuta kamili hustahili kuwa nacho, na huanza kazi bila ya kujua ya kwamba vyote imegawiwa na mwingine. Mtumiaji naye huiona Windows nzima ikikaa katika dirisha moja la Mac yake, kando ya barua zake na picha zake.

Wako wanaodhani ya kwamba hikima hii ni ya juzi, nao wamekosea. Huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, wahandisi wa IBM walianza mwishoni mwa mwaka 1964 kujenga mfumo uitwao CP-40, ambao ulimpa kila mtumiaji wa kompyuta moja kubwa mashine yake ya kudhaniwa, ilhali wote walikuwa wakishiriki chuma kimoja. Na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa hupaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa uaminifu. Sharti lenye uzito kuliko yote lilikuwa hili: kila agizo linaloweza kugusa au kufichua hali ya mashine nzima, likitolewa na mgeni asiye na mamlaka, lazima likamatwe na kupelekwa kwa msimamizi, ili msimamizi aamue la kufanya; maana agizo moja likipita kimyakimya, mgeni ataujua ukweli wa hali yake, au atavuruga mali ya mwenziwe.

Prosesa za Intel, zilizokuja kuijaza dunia, hazikulitimiza sharti hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha ya kuwa Pentium ilikuwa na maagizo 17 yaliyopita bila ya kukamatwa. Walakini kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilikwisha kuipata hila ya kulikwepa tatizo hilo: programu yao ilisoma maagizo ya mgeni kabla hayajatekelezwa, ikayabadili yale ya hatari, na kuyaacha mengine yaende kwa kasi yake ya asili. Naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa matendo makubwa ya ilimu ya kompyuta ya zama zetu, kwa kuwa ilikifanya chuma kitende jambo ambalo waundaji wake hawakukiandalia. Mwaka 2005 Intel yenyewe ilianza kuuza prosesa zenye uwezo huo ndani yake, na AMD ikafuata mwaka 2006.

Hapa ndipo kadhia ya Mac inapoingia, nami namwomba msomaji awe na subira, kwa sababu mashauri mengi yanayotolewa mitaani ni ya zama zilizokwisha kupita. Kati ya Mac na programu ya Windows huweza kuwapo vizuizi viwili, si kimoja. Cha kwanza ni mfumo endeshi, ambao tumekwisha kuueleza. Cha pili ni prosesa, kwa maana kila jamii ya prosesa ina maagizo yake, na programu iliyoandaliwa kwa maagizo ya Intel haifahamiki kabisa kwa prosesa ya jamii nyingine. Tangu mwaka 1994 Mac zilitumia PowerPC, na programu iitwayo Virtual PC, iliyotolewa mwaka 1997, ililazimika kuiga Pentium nzima, agizo kwa agizo, hata Windows ikawa inakwenda kwa uzito mkubwa. Mwaka 2006 Apple ilihamia Intel, na kizuizi cha pili kikaondoka kwa siku moja; mwaka huohuo Boot Camp ilimruhusu mtu kuiwasha Mac yake kwa Windows tupu, na Parallels Desktop ikawaletea watu mashine pepe yenye kasi iliyokaribia ile ya kompyuta halisi. Miaka kumi na minne iliyofuata ilikuwa ya neema. Kisha mnamo Novemba 2020 ikatoka prosesa ya M1, ya jamii ya ARM, na kizuizi cha pili kikarudi mahali pake. Boot Camp haimo katika Mac hizi mpya.

Basi, katika Mac yenye M1 au mojawapo ya zilizoifuata, mashine pepe hubeba Windows 11 iliyoandaliwa kwa ajili ya ARM. Windows hiyo hukaa juu ya prosesa ya jamii yake, kwa hiyo mwendo wake ni mwepesi na wa kupendeza. Na ndani yake mna mtafsiri wa kuzaliwa nayo, ambaye huchukua programu za kawaida za Intel, za biti 32 na za biti 64, na kuyageuza maagizo yao kuwa ya ARM. Microsoft nayo, mnamo Februari 2023, iliidhinisha rasmi Windows 11 hiyo iendeshwe ndani ya Parallels Desktop katika Mac za M1 na M2, na hivyo ikaondoka shaka iliyokuwa ikiwakabili watu wa maofisini, ambao hawakupenda kuweka vitabu vyao juu ya jambo lisilo na idhini.

Lakini mtafsiri huyo ana mpaka, na mpaka huo ndio nitakao msomaji aushike kuliko yote niliyoandika. Yeye hutafsiri programu. Hatafsiri draiva, yaani zile programu ndogo zinazokaa katika kiini cha Windows na kuamrisha vyombo. Draiva sharti iwe imeandikwa kwa ARM tangu mwanzo, la sivyo haitaingia. Kwa hiyo programu ya mahesabu inayoandika na kusoma faili tu, aghalabu itafanya kazi salama; lakini programu ya zamani inayodai ufunguo wa USB uchomekwe ndipo ikubali kufunguka, au printa ya risiti ambayo mtengenezaji wake hakuishughulikia tena, au mashine ya maabara yenye waya wake wa pekee, hizo huweza kumkwamisha mtu hata kama Windows yenyewe inakwenda kama maji. Asiulize tu kama Windows itafunguka katika Mac, maana itafunguka. Amuulize muuzaji wa programu yake kama inahitaji draiva, na kama draiva hiyo imetolewa kwa Windows ya ARM. Ikiwa draiva inahitajika nayo haikutolewa, ingalipo UTM, iliyojengwa juu ya kazi ya Fabrice Bellard iitwayo QEMU, ambayo huweza kuiga prosesa ya Intel nzima; ila mwendo wake ni wa taabu, nami simshauri mtu aendeshe duka kwa njia hiyo.

Mintarafu ya gharama, Parallels Desktop hulipiwa, na VMware Fusion, iliyo ya kazi hiyohiyo, imekuwa bure kwa watu wote, hata wafanyao biashara, tangu Novemba 2024. UTM nayo hupatikana bure. Leseni ya Windows ni jambo jingine, nayo inadaiwa ndani ya mashine pepe sawasawa na inavyodaiwa nje. Nakala za wizi zisiingizwe katika mashine itakayobeba mahesabu ya watu, kwa kuwa aliyeivunja kufuli ya Windows hatujui alichoacha nyuma yake.

Kumbukumbu ndiyo inayowaponza wengi. Windows 11 hudai 4 GB kwa uchache na diski ya 64 GB, na kila kinachopewa mgeni hupunguka kwa mwenyeji, kama ndoo zinazotekwa na nyumba mbili katika kisima kimoja. Mac yenye 8 GB itaweza, lakini kwa kubanwa. Anayenunua leo kwa kazi hii achukue 16 GB au zaidi, kwa sababu kumbukumbu ya Mac hizi haiongezwi baada ya kununuliwa.

Ipo fadhila moja ambayo kompyuta ya kawaida hainayo. Kwa kuwa mashine nzima ni faili, mtumiaji huweza kuihifadhi hali yake ya saa hii, kisha akaweka toleo jipya la programu yake, na likimharibia kazi, akairudisha Windows pale ilipokuwa. Hata hivyo hifadhi hiyo isidhaniwe kuwa nakala ya akiba, maana imo katika diski ileile, na diski ikifa hufa vyote. Na tena kurudi nyuma hufuta hata hati halali zilizoandikwa baada ya saa ile. Kwa hiyo vitabu vya mahesabu vinakiliwe kila jioni katika diski ya nje. Folda inayoshirikiwa baina ya Mac na Windows nayo ifunguliwe kwa hadhari, iwe ni moja yenye kazi maalumu wala si makazi yote ya mtumiaji, kwa sababu kirusi cha Windows kinachofunga faili kwa kudai fidia hakitambui mpaka kati ya mgeni na mwenyeji ikiwa mlango umeachwa wazi.

Katika sehemu ya tatu tutaitazama Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993, ambayo huziendesha programu za Windows pasipo kuwa na Windows yenyewe.