Anayejizuia Mwenyewe Kununua Bunduki

Kibubu unakijua. Mtu anatumbukiza fedha zake ndani, na kibubu hakina mlango. Akishikwa na tamaa usiku, hapati kitu mpaka akivunje. Kwa nini anajifungia fedha zake mwenyewe? Kwa sababu anajijua. Leo akili imetulia, kesho huenda isitulie.

Huko Marekani zipo sheria zinazofanya kazi kama kibubu. Ila kinachofungiwa si fedha. Ni bunduki.

Kwetu Tanzania mtu hanunui bunduki mpaka aombe kibali, naye huchunguzwa kwanza. Marekani ni tofauti. Katika majimbo mengi mtu mzima anaingia dukani na kujaza fomu. Mwenye duka anauliza serikalini kama mtu huyo amekatazwa na sheria. Mara nyingi jibu linakuja kwa dakika chache. Kama hakukatazwa, analipa na kuondoka na bunduki yake.

Je, bunduki hizo zinaua nani zaidi? Wengi tutasema ni watu wanaopigwa na majambazi. Sivyo. Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao, zaidi ya 27,000 walijiua.

Sasa tuelewe jambo moja. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu, kisha hupita, kama homa inavyopanda na kushuka. Watu wengi waliojaribu kujiua wakaokolewa hawakufa kwa kujiua baadaye. Waliendelea kuishi. Lakini risasi ni nadra kumwachia mtu nafasi ya kuokolewa. Kwa hiyo siku zile mbaya zikipita bila bunduki karibu, huenda mtu huyo akaja kulea wajukuu.

Fredrick Vars anafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama. Mwenyewe amesema hadharani kwamba ana ugonjwa wa akili, ule unaompandisha mtu furaha kupita kiasi kisha ukamtupa kwenye huzuni nzito. Mwaka 2015 alitoa shauri: mtu aruhusiwe kujikataza bunduki wakati ana nafuu, ili siku ya giza asiuziwe. Nani atakubali? Waliulizwa wagonjwa 200 huko Alabama. Katika kila 100, wagonjwa 46 walisema ndiyo. Si haba!

Jimbo la Washington lilipitisha sheria hiyo mwaka 2018, Virginia mwaka 2020, na Utah mwaka 2021. Washington mtu anakwenda kwa karani wa mahakama na kitambulisho chake, anajaza fomu, basi. Hadaiwi cheti cha daktari. Tangu hapo haruhusiwi kununua wala kupokea bunduki.

Akibadili mawazo je? Anaweza kujitoa, lakini si siku ile ile. Washington lazima zipite siku 7 tangu ajiandikishe. Virginia, akiomba kutolewa, anangoja siku 21. Kungoja huku ndiko kazi yote ya sheria hii. Mimi naona siku 7 ni chache, maana huzuni ya mtu haihesabu wiki.

Wapo wanaoogopa kwamba majirani watajua. Washington majina hayo hayatangazwi. Wala tajiri haruhusiwi kumwambia mtu, 'Jiandikishe kwanza ndipo nikupe kazi.'

Kasoro zipo. Karatasi ya Washington inazuia bunduki mpya. Ile iliyokwisha kuwa kabatini inabaki pale pale, mpaka mke, kaka au rafiki aiondoe. Tena hizi ni sheria za jimbo moja moja, si za Marekani nzima. Na waliojiandikisha bado ni wachache, kwani wananchi wengi wa majimbo hayo hawajasikia hata kwamba fomu hiyo ipo.