Kalamu ya mfupa: kazi kubwa ni kutoa mafuta

Kila siku ya kuchinja, kwenye abatwari kunabaki mifupa, pembe na vipande vya ngozi ambavyo mbwa ndio wanafaidika navyo. Wafugaji wanauliza kama mtu anaweza kupata makuta humo. Inawezekana. Kule Nairobi, mtaa wa Kibera, mafundi wanatengeneza hereni na shanga kwa mifupa ya ng'ombe, na Uganda pembe za ng'ombe wa Ankole zinageuka vikombe na vijiko. Kalamu inaomba vyombo vilevile: msumeno wa chuma, tupa, kisu kikali na papye vere ya maseremala.

Lakini kabla ya kushika msumeno, uliza ng'ombe huyo alikufaje. Mifupa na ngozi itoke kwa ng'ombe aliyechinjwa akiwa mzima na kupimwa na veterineri. Nyama iliyojifia porini au zizini, hapana kuigusa. Ugonjwa wa kimeta unabaki ndani ya ngozi, manyoya na mifupa kwa miaka, na kuchemsha nyumbani hakutoshi kuuua. Tulioko Kivu hatuhitaji kuambiwa mara mbili: mwaka 2025 viboko kwa makumi walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha, ndani ya Parki ya Virunga.

Mfupa mzuri ni ule wa mguu, kati ya goti na kwato. Umenyooka, ukuta wake ni mnene, na hauna nyama nyingi. Mbavu ni nyembamba, ziachie mbwa. Kata vichwa vyote viwili, sukuma uboho nje kwa kijiti, kwangua. Halafu weka mfupa kwenye maji yenye sabuni ya unga, juu ya moto mdogo. Maji yatikisike tu, yasitokote kwa nguvu, maana moto mkali unadhoofisha mfupa. Mafuta yakielea juu, mwaga, weka maji mapya, rudia. Hapo ndipo wengi wanachoka. Inaweza kula siku nzima au zaidi, lakini kalamu yenye mafuta ndani itageuka manjano na kunuka mfukoni mwa mteja wakati wa joto, na mteja huyo harudi.

Kwa kuufanya mweupe, tumia maji ya oksijene ya famasi. Javeli hapana. Javeli inakula kile kinachoshika mfupa, na mwishowe unakuwa kama chaki. Kausha kivulini, jua kali linaupasua.

Kutoboa tundu refu lililonyooka ndani ya mfupa kunamshinda hata fundi mwenye drili. Afadhali upasue vipande viwili vya sentimita 12 hivi, uchimbe mfereji mdogo katikati ya kila kimoja, kipimo cha ule mrija wa wino wa biki, kisha uvibandike kwa kole ya tyubu mbili na kuvifunga kwa kamba mpaka kesho yake. Kole isijae mferejini. Mrija lazima uingie na kutoka, ili wino ukiisha mteja abadilishe mrija tu. Baadaye piga tupa, piga papye vere, maliza kwa nta ya nyuki na kitambaa. Unaposugua, lowesha mfupa, funga pua, na ufanyie kazi nje mbali na watoto: vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu.

Ngozi iko rahisi zaidi. Chukua ngozi mbichi iliyotolewa manyoya, ishone kuzunguka biki ya kawaida ikiwa bado imelowa. Ikikauka inajikaza yenyewe. Ikinyeshewa italegea, kwa hiyo nayo ipake nta.

Sasa bei. Biki ya dukani hutaishinda, usijaribu. Tuseme kalamu tano zinakula siku tatu za mtu mmoja. Chukua malipo ya siku hizo, ongeza kuni, sabuni, kole na biki zenyewe, gawa kwa tano. Chini ya hapo unafanya kazi bure. Anayelipa bei hiyo ni mtu anayetafuta zawadi: mgeni hotelini, mzazi ambaye mtoto wake amepata diplome, ofisi inayomuaga mkubwa wake. Tengeneza tano, uziuze, ndipo koperative ifikirie kununua drili.

Jambo moja linaweza kukusumbua kwenye baryeri. Mfupa uliosuguliwa vizuri unafanana na pembe ya tembo, ambayo sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, ile ya kulinda maumbile, haichezi nayo. Ukiangalia karibu, mfupa uko na vitone na vistari vyeusi mahali mishipa ya damu ilipita. Pembe ya tembo haina. Ikikatwa inaonyesha mistari inayokatana kama wavu. Andika kwenye kila pakiti "mfupa wa ng'ombe", kwa Kifaransa pia, na utunze risiti ya abatwari.

Vichwa vya mifupa na unga wa msumeno usitupe. Vichwa vichome mpaka viwe vyeupe na vyepesi, vitwange, uchanganye na mboji: ni fosforasi ya shamba, hasa kwa udongo wenye asidi. Inafanya kazi polepole, iweke kabla ya kupanda maharage.