Wati za Kwenye Boksi na Sauti ya Uwanjani

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida mwezi wa Mei, fedha huanza kuzunguka katika mji wa Bariadi na katika magulio ya vijijini. Wapo wanaonunua mabati, wapo wanaoongeza ng'ombe, na kaya nyingi hubakiza kiasi kidogo kwa ajili ya kitu cha kuchangamsha nyumba. Zamani kitu hicho kilikuwa redio. Siku hizi mara nyingi ni kipaza sauti kidogo cha kubebeka, ambacho wauzaji na wanunuzi hukiita spika tu. Hupokea muziki kutoka katika simu au katika memori kadi, nacho hutumia betri ya kuchaji.

Nikiwa likizo huko, mjomba wangu, mkulima wa pamba katika wilaya ya Itilima, alinitaka nimsindikize Bariadi. "Mpwa wangu," alisema, "wewe umesomea fizikia mpaka ng'ambo. Nichagulie spika isiyodanganya." Nilikubali upesi kuliko ilivyostahili.

Dukani tuliwekewa vipaza sauti viwili juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kikubwa kiasi cha debe dogo, chenye taa za rangi zilizocheza kwa kufuata muziki, na boksi lake liliandikwa kwa herufi kubwa: wati 1000. Cha pili kilikuwa kifupi, cheusi, hakina taa hata moja, na kimeandikwa wati 10. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa ghali zaidi. Mjomba akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: inakuwaje kumi iuzwe kwa bei kubwa kuliko elfu moja?

Jibu halihitaji maabara. Linahitaji kukigeuza chombo na kusoma maandishi madogo yaliyo chini yake. Kwenye kile cha wati 1000 paliandikwa: betri, volti 3.7, miliampea-saa 1200. Miliampea-saa 1200 ni sawa na ampea-saa 1.2. Ukizidisha kwa volti 3.7 unapata saa-wati 4.44, yaani nishati ya kutoa wati 4.44 kwa muda wa saa moja. Sasa gawanya kwa wati 1000 zilizotangazwa. Betri hiyo ingekwisha kwa sekunde 16. Wimbo ungekatika kabla mwimbaji hajamaliza kujitaja jina. Aidha, tundu la kuchajia lilipokea volti 5 na ampea 1, ambazo ni wati 5 tu, na chombo hakiwezi kutoa siku nzima zaidi ya kile kilichoingizwa. Muuzaji alifuata hesabu hiyo kwenye simu yake, akacheka, kisha akasema kuwa yeye hakuandika boksi.

Ni kweli, hakuliandika. Tarakimu za namna hii hutokana na desturi ya viwanda ya kutaja nguvu ya kilele, ile ambayo saketi ingeweza kuitoa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, pasipo kujali kama kinachosikika ni muziki au mkwaruzo. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa cha kuipata, hivyo kila mtengenezaji huandika apendavyo. Marekani ilikutana na tatizo hilo zamani. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya kuwabana watengenezaji wa vikuza sauti vya nyumbani wataje nguvu inayoweza kudumu, kwa namna inayopimika. Mnunuzi wa Bariadi anayo kanuni yake mwenyewe, ambayo ni kuzidisha na kugawanya. Katika kile cheusi tulikuta volti 3.7 na miliampea-saa 3600, sawa na saa-wati 13.3. Kwa kuwa muziki hauko kileleni muda wote, bali kwa wastani hutumia sehemu ndogo ya nguvu kubwa ya chombo, betri ya kiasi hicho yaweza kuendelea kutoka mchana hadi usiku.

Hata hivyo wati, ziwe za kweli au za uongo, si sauti. Wati ni chakula anachopewa mfanyakazi, na sauti ni kazi anayoifanya. Ndani ya kipaza sauti mna koili ya waya iliyogandishwa kwenye kiwambo na kuning'inizwa katikati ya sumaku. Umeme unapopita, koili husukumwa na kuvutwa, kiwambo nacho husukuma hewa. Umbo hili, ambalo Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walilieleza mwaka 1925, limebaki karibu lile lile hadi leo. Sehemu kubwa kabisa ya umeme huishia kuwa joto ndani ya koili. Kiwambo chenye upana wa sentimita 4 au 5 kikilishwa wati moja, kwa kawaida hutoa kiasi cha desibeli 80 kwenye umbali wa mita moja. Kiwambo cha sentimita 30 katika kasha kubwa la mbao, kama yale yanayotumika kwenye harusi, kinaweza kutoa desibeli 95 kwa wati hiyo hiyo moja. Tofauti hiyo ya desibeli 15 maana yake ni kwamba kile kidogo kingehitaji wati zaidi ya 30 ili kulingana na wati moja ya kile kikubwa. Kwa hiyo anayeuliza wati kabla ya kuuliza upana wa kiwambo ameanza na swali la pili.

Kuna na jambo jingine ambalo Wasukuma walilijua kwa vitendo kabla ya kuja kwa spika. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanjani baada ya mavuno, kila upande ukijaribu kuvuta watazamaji kutoka upande wa pili, na mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi. Katika mashindano ya namna hiyo sauti ni silaha, na uwanja wa wazi ni adui wa sauti. Nje hakuna ukuta wala dari ya kuirudisha. Inasambaa pande zote kama duara juu ya maji, na kila umbali unapozidishwa mara mbili hupungua desibeli 6. Kipaza sauti kinachotoa desibeli 90 kwenye mita 1 kitakuwa na 84 kwenye mita 2, na 78 kwenye mita 4. Kwenye mita 32 zimebaki desibeli 60, karibu sawa na mazungumzo ya watu wawili waliokaa pamoja. Dukani, chini ya mabati na baina ya kuta za matofali, kila chombo huonekana shujaa kwa sababu sauti yake humrudia msikilizaji mara nyingi.

Basi tukaomba ruhusa tuvitoe nje, kwenye uwazi nyuma ya maduka. Tuliviweka chini kimoja kimoja, wimbo mmoja, simu moja, sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, mjomba akatembea huku akihesabu hatua hadi pale alipoacha kuyatambua maneno. Kile cha wati 1000 kilimfikisha hatua 26. Kile cha wati 10 kilimfikisha hatua 41. Isitoshe, kile cha kwanza kilipofunguliwa hadi mwisho kilikwaruza, na ngoma zikageuka kuwa mlio wa kugonga sanduku.

Suala la ngoma linataka maelezo, kwa maana ndipo wengi wanapodanganyika. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kiasi cha watu milioni mbili nchini Tanzania walikutana katika vikundi kuzunguka redio ndogo ndogo, wakajifunza habari za maji safi na vyoo. Redio moja ilitosha kikundi kizima, maana kilichotangazwa kilikuwa hasa maneno, na sehemu ya usemi inayobeba maana iko zaidi kati ya mitetemo 300 na 3400 kwa sekunde, mahali ambapo kiwambo kidogo hufanya kazi vizuri. Ngoma kubwa ya Kisukuma hushuka mbali chini ya hapo. Kila mlio unaposhuka hadi nusu ya idadi ya mitetemo, kiwambo hulazimika kusogea mara nne zaidi ili kutoa nguvu ile ile ya sauti, na kiwambo cha sentimita 5 hakina nafasi ya kusogea kiasi hicho. Watengenezaji waangalifu huongeza kiwambo cha pili kisicho na koili, chenye uzito, ambacho hutikiswa na hewa ya ndani ya kasha. Ukiona pande mbili za kipaza sauti zinatetemeka kama ngozi ya ngoma, ndicho hicho. Njia nyingine haina gharama: kiweke kipaza sauti chini, mgongo wake ukielekea ukutani, na milio ya chini itaongezeka waziwazi.

Kuhusu kuunganisha, nina aibu yangu mwenyewe. Niliporejea kutoka masomoni nilikuja na kipaza sauti kizuri chenye kitako, ambacho kichezaji cha muziki kilichomekwa juu yake kama chupa kwenye kreti. Haukupita muda mrefu, kampuni ikabadili umbo la kiungo katika vichezaji vipya, na chombo changu kikawa pambo la kabati. Tangu hapo nimeshika sharti moja: kipaza sauti kiwe na zaidi ya mlango mmoja wa kuingizia muziki. Bluetooth, iliyopewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ni nzuri, lakini mawimbi yake hufyonzwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa zaidi ya nusu. Watu ishirini wakisimama kati ya simu na spika, wimbo hukatika-katika. Tundu la waya na nafasi ya memori kadi havijali umati.

Vumbi nalo lisisahaulike. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza, barabara za vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu hutimka vumbi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Vyombo vingi hutangazwa kuwa havipitishi maji, vikiwa na alama ya IPX7. Herufi X mahali hapo haimaanishi sifa yoyote. Maana yake ni kwamba daraja la kuzuia vumbi halikutajwa. Alama ya IP67 ndiyo inayosema kuwa vumbi haliingii, na kwamba chombo huvumilia kuzama mita moja ndani ya maji kwa nusu saa. Mtu wa pwani anaweza kuanza na tarakimu ya pili. Mtu wa Simiyu aanze na ya kwanza.

Hapa nikafanya kosa. Nilimwambia mjomba avipime vyombo kwa mkono, kwa sababu sumaku nzuri ni nzito na betri kubwa ni nzito. Ushauri huo nimeutoa mara nyingi, na kwa bahati mbaya kile cha wati 1000 ndicho kilichokuwa kizito zaidi. Mjomba alinitazama kwa huruma. Yeye alikuwa na swali jingine kabisa: "Na betri yake ikichoka, nitampelekea nani?" Tukaenda kwa fundi simu wa jirani. Juu ya meza yake palikuwa na kipaza sauti cha aina ile ile ya wati 1000, kimefunguliwa. Ndani mlikuwa na kiwambo kimoja kisichozidi sentimita 7, kingine cha plastiki kisichounganishwa na waya wowote, betri bapa ya simu ya zamani, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi kwenye sakafu ya kasha. Chuma hicho hakikuwa na kazi yoyote ila kumjibu mtu kama mimi.

Swali la mjomba lilikuwa bora kuliko mizani yangu. Betri za lithiamu huanza kupungua uwezo baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, nazo hudhoofika upesi zaidi zikichajiwa juani. Sehemu nyingine za kipaza sauti zaweza kuishi miaka mingi baada ya betri ya kwanza kufa. Fundi alitueleza kwamba kile cheusi hufungwa kwa skrubu nne, na kwamba betri zake za mviringo anaziuza mwenyewe. Kwa maelezo hayo mjomba alilipa.

Jioni ile kilipigwa nyimbo za manju mmoja wa Kisukuma, kikiwa kimewekwa chini kando ya ukuta wa jiko, nasi tukayasikia maneno vizuri tukiwa zizini. Kesho yake nilimkuta mjomba ameshika waya mbili za paneli ya sola iliyo juu ya paa, yuko tayari kuziunganisha moja kwa moja kwenye tundu la kuchajia. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, hufikia volti 21 au zaidi, ilhali tundu lile linataka 5. Nilimsihi angoje hadi siku ya gulio, tukanunua kifaa kidogo cha kushusha umeme hadi volti 5. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya chakula tulichokula Bariadi siku ya kununua spika.